Umeme na sumaku chuoni kwetu Tabora: ukipima kweli unapata 4, ukipika unapata 9

Wakuu, habari za jioni.

Naandika kwa akaunti ya pili na sababu mnaijua. Chuo sikitaji, mhadhiri simtaji, na mlio darasa moja na mimi mkinitambua naomba mkaushe. Nipo hapa Tabora mjini, mwaka wa kwanza, ualimu wa Fizikia na Hesabu, muhula wa pili. Leo mchana nimerudishiwa ripoti ya maabara na mpaka sasa ugali umepoa mezani.

Jaribio lilikuwa la kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme. Vifaa: kapasita ya mikrofaradi 1000, rezista ya kiloohm 47, betri ya pikipiki ya volti 12, maltimita ya sindano ya kusomea volti, na saa ya simu yako mwenyewe. Unaichaji kapasita, unachomoa betri, unaangalia volti zinavyoshuka chaji ikitokea kwenye rezista, huku mwenzako anahesabu sekunde. Ukizidisha ohm kwa faradi unapata sekunde 47, na ndani ya muda huo volti zinatakiwa zishuke hadi kama 4.4, yaani asilimia 37 ya zilipoanzia. Hiyo 47 msimamizi aliiandika ubaoni na kuizungushia duara kabla hatujagusa hata waya mmoja.

Sisi tukapata 32. Tukarudia, 33. Tukarudia tena, 32. Muda ukaisha, kundi linalofuata limeshajipanga mlangoni.

Sasa hapa ndipo ilipo shughuli. Mezani tulikuwa tisa. Wenzangu wanane wakafanya kile kila mtu anachokifanya maabara, wakapika. Huyu kaandika 46.2, yule 47.5, mwingine 46.8 ili isionekane sana. Kuna kundi la juzi yake lilipeleka 47.0 kamili, na betri yao ilikuwa imekufa tangu asubuhi! Haikuchaji chochote. Wote wamepata 8 na 9. Mimi niliandika 32, nikachora grafu yangu kwa nukta nilizozisoma kwenye sindano, nikaandika kwamba sijui kwa nini haifiki 47. Nimepewa 4 kati ya 10. Kalamu nyekundu imeandika maneno mawili tu: "Umekosea kupima."

Nimekosea nini? Hakuandika. Nikamfuata. Akaniambia jibu ni 47, wenzako wote wamepata, wewe una kiburi.

Nikatoka hapo na hasira zangu mpaka Kanyenye, kuna mzee ana kibanda cha kutengeneza redio na spika, ni jirani ya nyumbani kwa shangazi. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza mkasa wote. Akauliza swali moja tu: "Mita mliyotumia ni ya sindano au ya namba?" Ya sindano. "Mliiweka kwenye ngapi?" Kwenye 50, maana 12 haiingii kwenye skeli ya 10. Mzee akacheka. Akasema, "Mwanangu, hiyo mita nayo inakunywa."

Akatoa ya kwake kwenye droo, mtindo uleule, akanionesha maandishi madogo chini ya kioo ambayo nimeyaona muhula mzima bila kuyasoma: ohm 2000 kwa kila volti. Skeli ya 50 maana yake ndani ya ile mita kuna ohm 100,000. Kwa hiyo chaji haikuwa inapita kwenye rezista peke yake, ilikuwa na milango miwili. Kiloohm 47 sambamba na kiloohm 100: 47 mara 100, gawanya kwa 147. Wakuu, inakuja 32.

Nilisoma sawa. Sindano haikunidanganya. Pale mezani fizikia ilikuwepo yote, tena nzuri kuliko ile ya kwenye kitabu cha maabara, kwamba kifaa cha kupimia kinaingia kwenye saketi na kuibadilisha. Tungefundishwa hilo kwa dakika kumi nisingelisahau mpaka nazeeka. Badala yake mwenye 32 kaitwa mzembe na mwenye betri iliyokufa kapewa 9. Na mimi ndiye natakiwa baada ya miaka mitatu nikasimame mbele ya watoto wa kidato cha tatu niwaambie sayansi ni kupima.

Haya, mtasema ni msimamizi mmoja. Hapana. Huyo ni tawi tu, shina liko kwenye namna kozi nzima ilivyopangwa.

Majaribio yapo manane, na kila jaribio lina seti moja ya vifaa. Kwa hiyo makundi manane yanazunguka kama abiria wa daladala wanaogombea siti ya dirishani. Sisi ni kundi la 6, tukaanzia jaribio la 6. Wiki ya kwanza kabisa ya muhula tunasukuma sumaku ndani ya koili na kuandika sindano inapoelekea, wakati darasani bado hatujaambiwa hata kwamba chaji zipo za aina mbili. Wiki ya pili transfoma. Wiki ya tatu osiloskopu, mashine ya kuonesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, ambayo tuliitazama tu kwa sababu kitufe kimoja kikiguswa picha inapotea na fundi sanifu hayupo. Sheria ya Ohm, ile ya kidato cha pili, tumeifikia wiki ya nne. Ukimuuliza mtu wa kundi langu kwa nini sindano ya galvanometa, ile mita ya umeme mdogo, inarudi upande wa pili ukichomoa sumaku, atakwambia "ndivyo jibu lilivyo".

Sielewi inashindikana nini. Kama vifaa ni seti moja moja, basi panga majaribio manne ya vifaa vya bei ndogo, nunua rezista na kapasita za kutosha, makundi yote yafanye jaribio lilelile wiki moja. Rezista dukani ni bei ya kashata. Lakini ratiba ya maabara aliyeipanga na mhadhiri wa darasani sidhani kama wamewahi hata kusalimiana.

Na huyo mhadhiri. Ni mhadhiri wa muda, anatoka nje ya mkoa. Simlaumu kwa kutoka mbali, barabara na treni tunazijua. Nalaumu kwamba anakuja Ijumaa usiku, Jumamosi anamaliza wiki tatu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumapili ameondoka. Jumamosi moja tuliingia na sheria ya Coulomb ya nguvu kati ya chaji, tukatoka na dielektriki, yaani vihami vya ndani ya kapasita. Slaidi zinapita kama behewa za mizigo, ukiinua kichwa kunakili moja, tatu zimeshapita. Mwezi wa nne mvua ikipiga kwenye bati hata sauti haifiki nyuma, anaendelea tu kusogeza midomo. Siku hiyo nje radi inapasua, kweli kabisa, tunaruka kwenye viti, somo la siku ni uga wa umeme, na hakusema neno hata moja kuhusu radi! Umeme ukakatika, projekta ikazima, akasema mengine mtayakuta kwenye madesa steshenari.

Hesabu ndiyo usiseme. Slaidi ya pili tu ya sheria ya Gauss kuna pembetatu imesimama kwa kichwa. Darasa zima tunaangaliana. Ile ni hesabu ya vekta, kuna daivajensi, kuna kitu kinaitwa kali na kwa kweli ni kali. Nikaenda kuangalia mtaala wetu: hesabu za vekta tunasoma mwaka wa pili. Mwaka wa PILI wakuu. Yaani tunafanyiwa mtihani kwa lugha ambayo chuo chenyewe kimeandika kwamba hatujafundishwa bado. Nilipouliza nikaambiwa "mtu wa chuo kikuu anajisomea." Sawa. Basi na ada nijilipe.

Halafu mambo haya hayahitaji kuanzia huko. Faraday aliyegundua kwamba sumaku ikibadilika karibu na koili inazalisha umeme, mwaka 1831, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara, na hesabu zake zilikuwa ndogo. Alizungushia waya kwenye pete ya chuma, akachora mistari kuonesha sumaku inavyoenea, akaelewa kwa kuona. Maxwell alikuja kuyaweka kwenye hesabu miaka ya 1860. Sisi tunaanza na Maxwell, tukibahatika mwishoni tutamkuta Faraday kwenye slaidi moja yenye picha yake.

Na yule Ørsted wa Denmark, mwaka 1820, aliona sindano ya dira ikitikisika karibu na waya wenye umeme akiwa mbele ya wanafunzi wake, katikati ya kipindi! Sayansi nzima ya umeme na sumaku kukutana ilianzia darasani. Kwetu darasani haijawahi kuletwa hata dira. Nimefanya mwenyewe gheto, Isevya, kwa simu ya mwenzangu ambayo ina dira, waya mmoja na betri mbili za tochi. Gusisha waya kwa sekunde moja tu usije ukachemsha betri. Namba ya dira ikaruka. Chumba kizima kikapiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga. Gharama yake haikufika hata bei ya chai na chapati mbili.

Wale wa "tatizo ni Kiingereza", hapana, tusisingizie lugha kwenye hili. Niliuliza wenzangu kumi kwa Kiswahili safi, uniti moja ya LUKU ina joule ngapi. Hakuna aliyejibu, na hao wanaweza kukuandikia milinganyo yote minne ya Maxwell bila kuangalia. Ni milioni 3.6, wati 1000 mara sekunde 3600. Kitu tunachonunua kila wiki kwa simu.

Testi ya kwanza nilipata 9 kati ya 20 na sikulalamika, sikuwa nimepiga msuli. Maswali matatu kati ya manne yalikuwa yaleyale ya miaka miwili nyuma na namba hazikubadilishwa, waliokuwa na karatasi za zamani wakaimba. Anayetaka kufaulu hii kozi asisome, atafute kaka wa mwaka wa tatu. Wanaobaki wanakula sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu ikishindikana ni kurudia mwaka au disko, yaani kuondolewa chuo, halafu bumu la mkopo linakatika na wazazi huko Urambo na Sikonge waliouza tumbaku wanaambiwa mtoto hakuwa makini.

Nimemaliza. Matusi mlete, nimejiandaa.

NYONGEZA, saa 4 usiku:

Mkuu uliyesema "hata sisi tulipika na leo ni mainjinia", asante, sasa najua kwa nini nyaya za mtaani kwetu ziko vile.

Dada uliyeuliza kama nimekata rufaa: nimeandika barua ya kuomba ripoti isahihishwe upya, nimeambatanisha hesabu ya 32 na picha ya maandishi ya ile mita. Mkuu wa idara ameipokea, kasema ataangalia. Sijui lini.

Uliyesema nimeanzisha uzi kwa sababu ya maksi sita: ndiyo, na maksi sita. Kwenye 40 za muhula siyo chache. Wewe zako ungemwachia nani?

Na mdau uliyesema huenda kapasita yenyewe ndiyo imezeeka, hoja yako ni nzuri kuliko zote nilizosikia wiki hii, pamoja na za darasani. Inawezekana kweli, zile za elektroliti hata zikiwa mpya zinaruhusiwa kupishana asilimia 20, na zikikaa miaka zinapungua. Ndiyo maana nataka kurudia. Fundi sanifu wa maabara ni muungwana, amekubali kunifungulia Alhamisi saa 10 jioni baada ya vipindi. Mita ya namba ndani yake huwa na megaohm 10, kwa hiyo haitakunywa kitu, na kapasita ikiwa nzima natakiwa nipate karibu na 47 bila kupika. Nikipata 40, basi wewe ndiye uliyeshinda na nitarudi hapa kusema.

Mzee wa Kanyenye ya kwake ya namba imeungua. Kama kuna mtu yupo Tabora mjini ana maltimita ya dijitali ya kuazima mpaka Ijumaa asubuhi, aje inboksi. Naifuata mwenyewe popote, hata Ipuli, na kitambulisho naacha.