Mjadala: Je, Wakamba walizaliwa askari, au walifanywa askari?

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa rasmi tarehe 1 Januari 1902, hoja moja haikosi: kwamba Wakamba wa Machakos na Kitui walijaa humo kwa sababu wao ni watu wa vita tangu asili, na kwamba sifa hiyo ndiyo heshima yao kuu katika historia ya Kenya. Wapo wanaoitoa hoja hii kwa nia njema, hasa watoto na wajukuu wa askari wenyewe. Hata hivyo naipinga, kwa kuwa naiona inawapunja wazee hao kuliko inavyowasifu.

Tuanze na karne ya 19. Wageni waliofika Ukambani wakati huo hawakukuta taifa la wanajeshi. Walikuta wawindaji na wafanyabiashara wa masafa marefu, waliopeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo na shanga. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mtu wa misafara. Wakamba walijua kupigana, kama majirani zao wote walivyojua, lakini biashara ndiyo iliyowapa jina. Biashara hiyo ilipofifia, ikafuata njaa kuu ya 1898 na 1899, kisha kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha taslimu. Kijana aliyehitaji fedha hakuwa na milango mingi ya kubisha, na mlango wa jeshi au polisi ulikuwa mmojawapo.

Si wote walioingia kwa hiari. Mwaka 1917, katika vita dhidi ya Wajerumani walioongozwa na Lettow-Vorbeck, serikali ilimkabidhi John Ainsworth, aliyewahi kuitawala Machakos, kazi ya kukusanya wapagazi kwa maelfu kutoka wilaya mbalimbali. Machifu walidaiwa watu, nao wakawatoa. Waliouawa na risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliouawa na kuhara damu, malaria na chakula kibovu. Ukisema watu hao walifuata asili yao, unamwondolea lawama aliyewachukua kwa nguvu.

Mwaka 1938 unaeleza mengi zaidi. Serikali ilipoanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe na kuwauza kwa bei ya chini, ikidai inapunguza mifugo ili kuokoa ardhi, Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeacha kunyang'anya mifugo. Vita vilikuwa vinanukia, na ndugu za waandamanaji walikuwa tayari ndani ya jeshi na polisi. Sidhani kwamba watawala walilisahau hilo. Waliokuwa wakidai walijua thamani ya vijana wao, na walijua pia kwamba utumishi ule ulikuwa na masharti: tunawapa watu, nanyi mtuachie ng'ombe na ardhi.

Anayeshikilia hoja ya asili atueleze pia habari za Waruhiu Itote. Waingereza hawakuwaweka Wakikuyu katika orodha yao ya makabila ya kivita, yaani makabila waliyodai yamezaliwa kupigana, lakini Itote alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi, na baadaye akaongoza wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya hadi alipokamatwa mwaka 1954. Ni wazi kwamba orodha ile ilipima utiifu zaidi kuliko ushujaa.

Upande wa pili wa mjadala huwaita askari wa Keya vibaraka. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba Keya ilitumwa misituni kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau, na familia zilizopoteza watu huko haziwezi kuombwa zisahau. Lakini Paul Ngei, Mkamba aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta kwa madai ya kuongoza Mau Mau, alikuwa amevaa sare ya Keya. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa pamoja nao, naye alilitumikia jeshi la Waingereza wakati wa vita. Sare haikuamua mtu atasimama wapi baadaye.

Kwangu mimi, utumishi ule ulikuwa mapatano, mara nyingi mapatano yasiyo ya haki, nayo mapatano huzaa madai. Mwaka 2019 ilifichuliwa hati ya serikali ya Uingereza iliyoonyesha kwamba malipo ya kuwaaga askari baada ya Vita vya Pili yalipangwa kwa rangi, hata Mzungu akapata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Tukikubali kwamba wazee wetu walipigana kwa sababu ya damu yao, basi hakuna anayedaiwa chochote, maana nani hulipwa kwa kuwa alivyozaliwa? Tukikubali kwamba walitoa miaka yao, na wengine uhai wao, kwa ahadi walizopewa, basi London ina deni kwa familia zao. Ningependa wanaoitetea hoja ya asili wajibu hapo kwanza, kabla ya kutuongezea sifa nyingine za ushujaa.