Waya wa laki 3 na nusu na fyuzi ya elfu 90: sauti ya amplifaya itabadilika kweli?

isamilo_juu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua redio za nyumbani, hasa mlioko Mwanza.

Amplifaya ni darasa AB, wati 80 kila upande kwa spika za ohm 8, transfoma ya duara. Waya wake wa umeme ni ule uliokuja nayo, mita 1.5, umeandikwa 3×0.75 mm². Muuzaji anasema nikifunga waya mnene wa laki 3 na nusu pamoja na fyuzi iliyopakwa dhahabu ya elfu 90, besi itakaza na muungurumo utaisha. Muungurumo unatokea king'amuzi kikichomekwa, hata sauti ikiwa chini kabisa. Besi inalegea jioni kuanzia saa 1, na mita inasoma volti 195 kwenye soketi. Nyumba iko mlimani Isamilo, juu ya mwamba. Hela hiyo itatibu kipi?

fundi_mita
Hakuna hata kimoja, mkuu. Piga hesabu kwanza.

Shaba ina ukinzani wa ohm 0.0172 kwa kila mita moja ya waya wa 1 mm². Waya wako ni mita 1.5 kwenda na 1.5 kurudi, jumla mita 3. Gawa kwa 0.75, unapata ohm 0.069. Ukiweka wa 1.5 mm² inakuwa 0.034. Amplifaya ya aina hiyo ikikamuliwa inavuta kama wati 300, sawa na ampea 1.3. Kwa hiyo kati ya waya wa zamani na mpya umeokoa volti 0.045. Atatokea mtu aseme dayodi (zinazogeuza umeme wa soketi kuwa DC ndani ya amplifaya) hazivuti taratibu, zinavuta kwa mapigo mafupi makali. Ni kweli. Zidisha mara 5, bado hujafika robo ya volti, kwenye umeme wa 230. Na nyuma ya soketi kuna waya wa ukutani: mita 20 za 2.5 mm² ni karibu ohm 0.28, hapo hujagusa waya unaotoka nguzoni.

Halafu huo umeme haufiki kwenye spika. Unaingia transfoma, unapita daraja la dayodi, unajaza kapasita (vitunza umeme vidogo), na kapasita ndizo zinazolisha transista za mwisho. Kama kapasita zimechoka utasikia mlio wa 100 Hz, mkali kidogo kuliko muungurumo wa 50 Hz, na hautoki hata ukichomoa king'amuzi na kila kitu kingine. Hapo pesa ya waya inunue kapasita mpya: mikrofaradi zile zile, volti zile zile au juu kidogo, na za kuhimili joto la nyuzi 105 badala ya 85.

Besi ya jioni ndiyo yenye maana. Nguvu ya amplifaya ya transfoma inafuata kipeo cha pili cha volti. 195 kwa 230, kipeo chake ni 0.72, hivyo wati 80 zinabaki kama 57. Kwa sikio hiyo ni desibeli 1.4 tu, huwezi kusema sauti imepungua sana; kinachotokea ni kwamba ngoma kubwa ikipiga amplifaya inafika dari mapema na kukata vilele. Ndiyo huo ulegevu.

Kabla ya kununua stabilaiza tafuta volti zinapotelea wapi. Chomeka birika la wati 2000 kwenye soketi ile ile (inavuta kama ampea 8.7), soma volti kabla na wakati linachemsha. Rudia kwenye soketi iliyo karibu na meni switchi. Waya mzima wa mita 20 utashusha volti 2 na nusu hivi. Ikishuka 10 au 15 kwenye soketi yako na huko karibu na meni haishuki, kuna kiungo kibovu njiani: skrubu iliyolegea nyuma ya soketi au waya uliosokotwa bila kontakta. Hicho ndicho cha kukazwa, meni ikiwa imezimwa. Ikishuka kote kuwili, tatizo liko kwenye laini ya kuingia, toa taarifa waje waangalie kiungo cha nguzoni. Na kama ni 195 kabla hata ya birika, basi mtaa mzima umezidiwa. Stabilaiza ya VA 1000 inakutosha. Chagua ya mota, siyo ya rilei, maana ya rilei inaruka kwa hatua na kutoa mlio wa "tak" katikati ya wimbo.

kirumba_stereo
Fundi_mita hesabu zako sawa, ila wapo watu wenye masikio mazuri wanaosikia tofauti wakibadilisha waya. Wote wanajidanganya?

fundi_mita
Wengine wanasikia kitu cha kweli, ila hawajui kilichosababisha. Hewa ya huku ziwani ina unyevu, na pini za plagi zikikaa miaka bila kuguswa zinashika utando. Ukichomoa waya wa zamani na kuchomeka mpya umesugua pini pande zote mbili, na kama soketi ilikuwa inacheza umeikandamiza upya. Kwa hiyo jaribio la haki ni hili: chomoa na kuchomeka waya ule ule wa zamani mara 5, kisha sikiliza.

Bado una shaka? Mwambie mwenzako arushe shilingi kila raundi kuamua waya upi uwekwe, wewe ukiwa nje ya chumba, na kitufe cha sauti kisiguswe. Raundi 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano kwamba umebahatisha uko chini ya 4 kwa 100, hapo njoo tujadili. Ukipatia 8 au 9, nunua samaki.

sato_mbichi
Kwa muungurumo wa king'amuzi: hiyo ni duara ya ethi (mkondo unaozunguka kati ya njia mbili za kwenda ardhini), haiponi kwa waya mnene. Zima amplifaya kila unapogusa nyaya za RCA (zile za sauti kutoka king'amuzi hadi amplifaya), halafu fuata hivi. Chomoa RCA za king'amuzi, washa. Kimya? Zirudishe, sasa chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kimya tena? Basi ethi ya dishi juu ya paa na ethi ya soketi haziko sawa, na mkondo unapita kwenye ganda la RCA.

Mafundi wengi watakuletea kizuizi cha kuweka kwenye waya wa antena. Kwenye dishi hakifai kama kinakata umeme wa DC, kwa sababu king'amuzi kinapeleka umeme kwenye kichwa cha dishi kupitia waya huo huo, picha itapotea. Njia safi ni kutoa sauti kwa waya wa optiko (unaopitisha mwanga), toka king'amuzi au TV hadi kwenye DAC, kifaa kinachogeuza sauti ya dijiti iingie kwenye amplifaya. Mwanga haupitishi muungurumo. Vinginevyo weka transfoma ndogo za kutenganisha, 1:1, kwenye RCA. Za bei ya chini zinakula besi ya chini.

Na tafadhali, USIKATE waya wa kijani na njano kwenye plagi. Muungurumo utaisha kweli, lakini siku transfoma ikivuja, kasha zima la chuma la amplifaya litakuwa na volti 230.

jiwe_kubwa
Naongezea kuhusu ethi, maana hapo ndipo milima yetu inatofautiana na bondeni. Isamilo au Bugando fimbo ya ethi inapigwa nusu mita inagonga mwamba, fundi anaikata kilichobaki na kufukia. Inaonekana ipo, kumbe haifanyi kazi. Na usidanganywe na multimita: itaonyesha 230 kati ya laivu na ethi hata kama ethi ina mamia ya ohm, kwa sababu mita yenyewe haivuti mkondo. Ipimwe kwa kipimo cha ethi chenyewe.

Dawa ni kulala badala ya kusimama. Chimba mfereji wa sentimita 50 hadi 60 kufuata sehemu yenye udongo, laza waya wa shaba usio na ganda, rudishia udongo laini na siyo kokoto. Ukitumia fimbo fupi kadhaa, ziachane angalau urefu wa fimbo moja, uziunganishe. Chumvi watu wanapenda kumwaga. Inasaidia kwa muda, mvua inaiosha na shaba inaliwa. Bentonaiti inadumu. Kisha funga na nguzo ya dishi kwenye ethi hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya muungurumo itakuwa imeondoka.

Hiyo haizuii radi, mkuu. Dhoruba za usiku za ziwani zikianza, chomoa plagi NA waya wa dishi. Fyuzi haikimbizani na radi.

isamilo_juu
Nashukuruni sana. Basi fyuzi nibaki na zilizopo?

fundi_mita
Ziangalie tu. Ya kwenye plagi: kwa waya wa 0.75 weka ampea 5, iliyoandikwa BS 1362 (kiwango cha Uingereza cha fyuzi za plagi). Ya 13 inataka waya wa 1.25 mm² kwenda juu, na wengi wanaiacha hiyo kwa uvivu. Ya 3 inaweza kukatika bure wakati wa kuwasha, kwa kuwa transfoma ya duara inavuta pigo kubwa mwanzoni. Kama sehemu ya plagi karibu na pini ya laivu imegeuka rangi ya kahawia, skrubu ililegea. Badilisha plagi nzima.

Ya ndani ya amplifaya, ile ya milimita 5×20, soma maandishi kwenye kofia yake. T maana yake inachelewa kukatika, F inakatika haraka. Ikiandikwa T3.15A weka T3.15A. Ukiweka F itaungua siku ya kwanza, ukiweka karatasi ya sigara itaungua nyumba.

Zile za dhahabu huwa zina mshale wa kuonyesha upande wa kuchomeka. Umeme wa 50 Hz unageuka mara 100 kwa sekunde. Muulize muuzaji mshale unaelekea wapi. Kama pesa inawasha mfukoni, pima waya wa spika. Mita 10 za ule mwembamba wa 0.5 mm² ni karibu ohm 0.7 mbele ya spika ya ohm 8. Weka 2.5 mm² inashuka hadi 0.14. Kwaruza kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha.