Chemsha bongo ya Ijumaa shuleni, ibaki au iondolewe? Wazazi tujadili

Jamani wazazi wenzangu wa Malindi na popote mlipo, naleta hili hapa kwa sababu mkutano wa Jumamosi uliisha watu wakipandishiana sauti na mimi sikuridhika. Shuleni kwa watoto wetu (sitaitaja) kuna nusu saa kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, kila mtoto analeta jambo moja alilolipata wiki hiyo, lolote tu, la samaki, la nyota, la wafalme wa zamani, anawatega wenzake, wakishindwa wanampa mji kama kwenye vitendawili halafu ndo anatoa jibu. Sasa kuna wazazi wanataka hiyo nusu saa iende kwa marudio ya hisabati. Mzee mmoja akasimama akasema twiga wa 1415 hatamwongezea mtoto wake hata maksi moja. Akapigiwa makofi.

Nianze na huyo twiga basi maana aliyemleta darasani ni mwanangu. Mwaka 1415 Malindi yetu hii ilipeleka twiga mpaka Uchina kwa mfalme Yongle, na kule walipomuona wakasema ni qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye hutokea zama za mfalme mwema. Mtoto alipolijua hili hakulala, twiga anapandishwaje chomboni, anakula nini baharini, shingo inawekwa wapi, mpaka akachukua rula akapima kwenye atlasi toka Malindi hadi Beijing akapiga hesabu ya skeli mwenyewe bila kuambiwa na mtu, na hizo hesabu za skeli ndizo zilizomliza muhula uliopita. Kwa hivyo mzee wangu kwa heshima zote, maksi zilikuwemo ndani ya huyo twiga.

Wiki iliyofuata ikawa pweza. Kasoma kwamba pweza ana mioyo mitatu, miwili inasukuma damu kwenye matamvua na mmoja unaipeleka mwilini, na damu yenyewe ni ya bluu kwa sababu ina shaba pale yetu ilipo na chuma. Tumeenda kununua samaki, huyo kamwamkia mama anayeuza pweza, shikamoo bi, unaweza kunionyesha mioyo yake? Mimi naona haya, watu wanangoja nyuma yetu. Yule mama akafuta kisu kwa kitambaa, akakigeuza kichwa cha pweza ndani nje, akapekua taratibu kwa kidole mpaka akafika kwenye kivimbe kidogo pale tamvua linapoanzia, kisha kingine upande wa pili. Akasema miaka yote hiyo naitupa na matumbo! Halafu naye akampa lake, kwamba pweza jike akishataga hali tena, anakaa pangoni anayalinda mayai na kuyapepea kwa maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Mtoto akanyamaza kabisa. Ndani ya tuktuk njia nzima alikuwa akilirudia polepole asilisahau, na Ijumaa ile akapewa miji minne.

Hilo ndilo ninalolitetea mimi. Kitu kidogo hicho ukikijua unataka umpe mtu, na yule ukimpa naye anatafuta cha kukupa. Mama muuza pweza na mtoto wa gredi ya 6 wangekutana kwa lipi lingine?

Na si watoto tu. Kuna mtu mzima mzaliwa wa hapahapa aliniambia ile mitambo ya baharini Ngomeni ni ya kuchimba mafuta. Pale ndipo Waitaliano walikuwa wakirushia roketi, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima na sisi tunapita tu.

Hoja iliyonigusa ni ya mwalimu mmoja mstaafu. Kasema nusu ya mambo haya watoto wanayatoa kwenye magrupu ya WhatsApp na ni uongo mtupu, na ni kweli, muhula uliopita mtoto alisema Ukuta wa Uchina unaonekana kutoka mwezini na darasa zima likameza. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani, mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona, na yeye alikuwa karibu na dunia kuliko mwezi mara nyingi sana. Ile ya kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo nayo hivohivo. Hapo nakubaliana naye, ila dawa yake si kuifuta Ijumaa. Kila mtoto aseme alikolipata jambo lake, na atakayemkamata mwenzake na uongo ndo apewe mji. Watakuja wamechimba mpaka chini, niaminini.

Mkutano mwingine ni Jumamosi ijayo. Anayetaka iondolewe aje hapa aseme kwanza, na atuambie mtoto wake alirudi na nini Ijumaa iliyopita. Na nyie wa Lamu, shule zenu zina kitu kama hiki au ni marudio tu mpaka jioni?