Ozzie Smith au Cal Ripken: ungemchagua nani?

Kibuyu: Wanajukwaa, naomba tuwalinganishe walinzi wawili wa besiboli ya Marekani waliokwisha kustaafu. Wote walicheza shotistopu, yaani kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira mingi ya chini hupita kwa kasi; aliyecheza raunda shuleni ataelewa kwa nini hapo huwekwa mwenye mikono mepesi. Ozzie Smith alianza San Diego Padres mwaka 1978, akahamia St. Louis Cardinals mwaka 1982 na kustaafu mwaka 1996. Cal Ripken aliichezea Baltimore Orioles pekee, tangu 1981 hadi 2001. Ukipewa timu mpya, ungeanza na nani?

Mzee wa Gati: Ripken, bila kusita. Alipata mapigo halali 3,184, yakiwamo homurani 431, yaani mapigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja, ilhali Ozzie alimaliza miaka 19 akiwa na homurani 28. Juu ya hayo, Ripken alicheza mechi 2,632 mfululizo, na tarehe 6 Septemba 1995 aliipita rekodi ya Lou Gehrig ya mechi 2,130, iliyokuwa imedumu miaka 56. Kocha hulala usingizi akiwa na mtu kama huyo.

Tausi: Shikamoo, mzee. Kwa heshima napingana nawe, kwa sababu hesabu za mpigaji hazionyeshi mikimbio ambayo wapinzani walinyimwa. Ozzie alitwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 13 mfululizo, kuanzia 1980 hadi 1992; Ripken alitwaa mbili. Mwaka 1980 pekee, Ozzie aliokota na kurusha mipira iliyosaidia kuwatoa wapinzani mara 621, na hakuna shotistopu aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika msimu mmoja. Tena aliiba vituo 580, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake apige mpira. Hizo homurani 28 nazo tusizidharau: ile ya Oktoba 1985 dhidi ya Los Angeles Dodgers, iliyomaliza mechi ya tano ya fainali ya ligi yao, ilikuwa ya kwanza kwake katika Ligi Kuu akipiga kwa mkono wa kushoto.

Fundi Glavu: Tausi, usimfanye Ripken aonekane mlinzi dhaifu. Wengi walidhani mtu wa sentimita 193 ni mrefu mno kwa nafasi hiyo, lakini mwaka 1990 alifanya makosa matatu tu akiwa shotistopu. Hakuwa na wepesi wa Ozzie. Alichokuwa nacho ni kujua mapema mpira utakwenda wapi, kwa kumsoma mpigaji na kufuata aina ya mpira anaorusha mwenzake, kisha kusogea hatua mbili kabla haujapigwa. Ozzie aliruka kuufuata mpira, Ripken aliungoja. Kwa macho yangu mimi, kuruka kunapendeza zaidi, lakini mpinzani hutolewa vilevile.

Mzee wa Gati: Marahaba, Tausi. Hiyo 621 nimeikubali. Hata hivyo, Ripken alihamishiwa kituo cha tatu mwaka 1997 na bado akaendelea kucheza kila mechi hadi Septemba 1998.

Kibuyu: Basi nimeamua: Ozzie abaki shotistopu, Ripken asimame kituo cha tatu.

Tausi: Ndugu Kibuyu, wewe ndiwe uliyetutaka tuchague mmoja.