JIBU: Mashine ya kuoshea vyombo, niipakie au niiuze huku?

Dada wa Leicester ameandika: "Narudi Malindi mwaka huu inshallah. Mashine yangu ya vyombo nzima kabisa. Niitie kwenye kontena au niiache?"

Waaleykum salaam dada yangu,

Itie, lakini kwanza mtume mtu akapime maji ya hiyo nyumba yana chokaa kiasi gani. Mimi niko Malindi na mashine niliyokuja nayo kutoka Uingereza, na naipenda. Umeme haukupi shida, volti zile zile na plagi ile ile ya meno matatu. Kazi iko kwenye maji.

Ya bomba yatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Yakikatika, wengi wetu twarudi kwenye kisima cha uani, na hapo ndipo glasi huanza kuingia ukungu. Mtu akilaumu mashine, mwambie asugue ile glasi kwa kipande cha ndimu. Ukungu ukitoka, ni chokaa, maji ni magumu. Usipotoka, glasi yenyewe imeshaliwa na hairudi tena.

Angalia chini ndani ya mashine yako kama kuna kifuniko cha mahali pa kutia chumvi. Chumvi hiyo ndiyo huisaidia mashine kulainisha maji, yaani kuyatoa chokaa. Kiwango chake ukipange upya kwa maji ya huku, usiache kilivyokuwa Leicester. Na tafadhali sana, usitie chumvi ya mawe ya Gongoni kwa kuwa iko karibu na ni rahisi. Haijasafishwa, ina magnesiamu na kalsiamu, yaani vitu vile vile unavyotaka vitoke majini. Beba mifuko ya chumvi maalumu ndani ya hilo kontena. Kama kisima chenyewe kina maji ya chumvi mdomoni, hapo mashine haikusaidii, itakula kutu tu. Ngojea ya bomba.

La pili ni tanki. Mita 10 za kwenda juu ndiyo presha ya bari 1. Mashine nyingi zataka angalau nusu bari, kwa hivyo tanki lililokaa mita 3 juu ya jikoni halitoshi. Weka pampu ndogo.

Kuosha kwenyewe? Sahani za biriani, vikombe, bakuli za mtuzi wa samaki, zatoka safi hata harufu hakuna. Tena mafuta ya nazi, ambayo Uingereza yaliganda kwenye chujio wakati wa baridi, hapa kwa hili joto hubaki maji na huenda zake. Chujio bado ulitoe na kulisuuza, punje za wali hukusanyika pale chini.

Ukoko usiutarajie. Sufuria iroweke mwenyewe. Na kama ni ya aluminiamu usiitie kabisa, sabuni ya mashine ni kali, huitoa nyeusi. Mwiko na mbuzi ya kukunia nazi pia vioshe kwa mkono, mbao hupasuka. Vyombo vya plastiki vilivyoshika manjano vitabaki na manjano yake.

Programu ile ndefu ya kuokoa umeme usiiogope. Huchukua zaidi ya saa 3, lakini maji hayawi moto sana na huosha vizuri. Mimi huiwasha usiku.

Ukipata kipimo cha maji, kiandike hapa pamoja na aina ya mashine, tukutafutie namba ya kuipangia.