UZI: Betri za sola zinaingia bandarini bila kuulizwa, zikifa sumu yake inabaki kwetu

Wanajukwaa, assalaam alaykum. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha.

Likizungumzwa suala la madini ya betri, utasikia kobalti ya Kolwezi kule Kongo, nikeli ya Kabanga kule Bara, viwanda vya China vya kusafishia. Sawa. Lakini safari ya hayo madini haiishii dukani. Kwetu Zanzibar inaishia jaani Kibele, Unguja, na huko hakuna anayeuliza kitu.

Kongo imeonyesha kuwa serikali ikitaka inaweza: Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje, Oktoba ikafungua kwa mgao. Ulaya nayo, kwa sheria yake ya 2023, itadai pasipoti ya kidijitali, yaani kumbukumbu ya mtandaoni inayoeleza betri imeundwa kwa nini, kuanzia 18 Februari 2027 kwa betri za magari ya umeme na za akiba zinazozidi kWh 2. Sisi hatuna mgodi, ila Malindi ya Unguja na Mkoani ya Pemba ni bandari zetu. Hapo ndipo pa kushika, na hapo ndipo tumelala usingizi!

Tazameni kinachouzwa. Boksi limeandikwa "lithiamu 100Ah" (uwezo wa ampea-saa 100), basi. Lithiamu gani? LFP, yaani ya chuma na fosfeti, haina kobalti wala nikeli na inavumilia joto. NMC, yaani ya nikeli, manganizi na kobalti, inazo zote mbili, na ikiharibika ni nyepesi zaidi kushika moto. Muuzaji hasemi, na hakuna anayemlazimisha aseme. Isomeni seli wenyewe: LFP ni volti 3.2, NMC ni 3.6 au 3.7. Kisha ijazeni betri na muiwekee mzigo wa ampea 10. Ya kweli ya 100Ah itakwenda karibu saa 10 kabla BMS, saketi ya ndani inayoilinda betri, haijakata. Ikikata saa ya nne au ya tano, mmeuziwa seli zilizochoka, zimevuliwa ganda na kuvishwa nailoni mpya. Msimbo juu ya seli ukiwa umekwaruzwa, msitoe hata senti.

Na mafundi wetu, jamani! Inveta inaachwa kwenye mpangilio wa betri ya maji (ya risasi na tindikali), ule wa kusawazisha seli unaopandisha hadi volti 15 na zaidi, wakati LFP ya volti 12 inataka 14.2 hadi 14.4. BMS inakata kama ilivyoundwa, fundi anasema "mbovu hii", anairuka kwa waya. Hapo ameondoa kinga pekee iliyokuwepo baina ya betri na nyumba.

Ya maji ndiyo inayonikera zaidi. Moja ya volti 12, 100Ah ina karibu kilo 30, na zaidi ya nusu ni risasi. Mnunuzi wa vyuma chakavu anataka risasi tu, kwa hiyo tindikali inamwagwa palepale. Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Kinachomwagwa juu hakipati udongo wa kukichuja, kinateremka moja kwa moja kwenye maji tunayoyachota. Na anayeyeyusha risasi hiyo sufuriani apate chubwi za nyavu anawapumulisha watoto wa jirani sumu. Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa juu ya taka za sumu zinazovuka mipaka, unataka betri chakavu za risasi zisivuke mpaka bila idhini ya maandishi ya nchi inayopokea. Ndiyo maana uchafu unabatizwa jina la "mtumba" na kupita. Kila shehena ya mtumba ipimwe uwezo bandarini, isiyofika asilimia 80 irudi ilikotoka kwa gharama ya muagizaji. Mteja alipe amana, arejeshewe akileta betri kuukuu. Muagizaji azihifadhi zikiwa zimesimama, ndani ya trei za plastiki, vichwa vimefungwa tepu, chini ya paa, mpaka kontena lijae liende kwa mrejelezaji mwenye leseni.

Aliye na kanuni inayomlazimisha muagizaji wa hapa kupokea betri kuukuu aiweke hapa, namba na mwaka wake.