Naomba ushauri: kufungua faili za DjVu ndani ya Firefox

Wakuu, habari za leo. Nina vitabu vingi vya zamani vilivyoskaniwa kwa mfumo wa DjVu, na natamani vifunguke ndani ya Firefox kama PDF zinavyofunguka. Zamani plagini (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) ilitosha, lakini tangu toleo la 52 la Firefox la mwaka 2017 plagini za aina ile hazikubaliki tena. Sasa nikibofya kiungo, faili linapakuliwa tu.

Nimeweka SumatraPDF, programu ya kusomea vitabu, inavisoma vizuri sana, ila kwenye mipangilio ya Firefox, sehemu ya programu, DjVu haionekani kabisa ili niichagulie programu hiyo. Natumia Windows 10.

Je, kuna kiendelezi cha Firefox cha kuaminika? Au nivigeuze vyote viwe PDF? Nahofia vitakuwa vizito mno kuwatumia wenzangu wenye bando dogo.

Natanguliza shukrani.